Leseni ya kuhudumia greihaundi: tafuta mkufunzi kabla ya kozi

*"Shikamoo daktari wa mifugo. Nina miaka 34, nimetoka Tanga, sasa naishi Wolverhampton. Mke wangu ni muuguzi, nami nilikuja nikiwa mwenza wake, kwa hiyo ruhusa ya kufanya kazi ninayo. Usiku napanga mizigo ghalani. Jirani yangu ana greihaundi wawili waliostaafu mbio, huwa tunawatembeza pamoja, naye kaniambia wakufunzi wa mbwa wa mbio wa hapa wanatafuta watu. Kwetu tulikuwa na mbwa wa kulinda shamba, siwaogopi. Nimeona kozi mtandaoni, pauni 180, wanasema ukimaliza una leseni ya kufanya kazi na mbwa wa mbio. Nilipe? Leseni hiyo ni ya serikali? Mwaka 2016 nilitozwa faini nyumbani kwa kuendesha bodaboda bila bima, je, itanizuia? Mdogo wangu aliyeko Tanga anauliza kama naye anaweza kuja kwa kazi hiyo hiyo. Tena nasikia mbio zenyewe zinapigwa marufuku, sitaki kuacha ghala kwa ajili ya kitu kinachokufa. Mama akijua nashinda na mbwa atalia, lakini hilo niachie mimi."*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na mfuko wako: hizo pauni 180 zibaki hapo hapo zilipo. Hakuna kozi ya mtandaoni inayotoa leseni ya kuhudumia greihaundi wa mbio Uingereza. Kozi inaweza kukufundisha mifupa ya mbwa na aina za chakula, na cheti chake ukakitundika sebuleni, ila ukifika nacho mlangoni pa uwanja utarudishwa. Leseni hutolewa na chombo kinachoitwa Greyhound Board of Great Britain, ambacho wote tunakiita GBGB, na mhudumu wa banda huifikia kupitia kwa mkufunzi atakayemwajiri. Wewe ulidhani ni leseni kwanza, kazi baadaye. Ni kinyume chake. Mkufunzi akuone, akupime, akukubali, ndipo fomu ijazwe.

GBGB si serikali. Ni chombo cha mchezo wenyewe, kilichoanza 2009 kikichukua nafasi ya klabu ya taifa iliyosimamia mbio hizi tangu 1928. Serikali nayo ina mkono wake: upande wa England zipo kanuni za ustawi wa greihaundi wa mbio za mwaka 2010, zinazotaka daktari wa mifugo awepo uwanjani, kila mbwa akaguliwe kabla ya kukimbia, awe na chipu na alama za masikioni, na kila jeraha liandikwe. Hizo zinaubana uwanja. Wewe mhudumu utabanwa na kanuni za GBGB, na ukizivunja utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, inayoweza kukutoza faini au kukunyang'anya leseni. Ukimtesa mnyama, hilo ni jinai chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, na hapo utakutana na hakimu.

Sasa, kwa nini mtu wa kuzoa kinyesi na kubeba ndoo adaiwe leseni? Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha kazi yenyewe ilivyo.

Mbio hizi zinalishwa na pesa za kubeti. Makampuni ya kubeti huchangia mfuko wa mchezo kwa hiari, asilimia 0.6 ya fedha zote zinazobetiwa kwenye greihaundi. Mbwa sita hutoka vizimbani, yaani visanduku vya kuanzia mbio, wanakimbia mita 480 hivi, na kwa sekunde 28 hadi 30 kila kitu kimekwisha. Mara nyingi anayeshinda na anayeshika nafasi ya nne hawapishani hata sekunde moja. Katika mwanya mdogo namna hiyo, huhitaji sindano wala njama kubwa kumharibia mbwa mbio. Bakuli la maji lililotolewa saa isiyofaa linatosha. Kipande cha mkate kinatosha. Na mbwa hana mdomo wa kusema nani alimlisha. Ndiyo maana mchezo huu ukaamua kwamba kila mkono unaomgusa mbwa, tangu bandani hadi kizimbani, uwe na jina na picha na uweze kuitwa kujieleza. Leseni yako haisemi kwamba wewe ni fundi. Inasema tu kwamba tunajua pa kukupata.

Ngoja nikupitishe siku moja ya mbio, maana hapo ndipo wageni wengi huanguka. Mnafika na gari, mbwa wanashushwa wakiwa na vifunga mdomo. Afisa anasoma chipu, anafunua masikio, analinganisha alama za mwili na kitabu cha mbwa: doa jeupe kifuani, kovu pajani, rangi ya kucha. Kisha mbwa anapandishwa kwenye mizani. Uzito ukipishana na ule wa mbio zilizopita kwa zaidi ya kilo 1, hakimbii. Hakuna kubembelezana hapo, hata kama mmiliki ameleta ukoo mzima kumtazama. Kwa mbwa wa kilo 30, kilo hiyo moja ni mlo mmoja mkubwa na mkojo uliobanwa, kwa hiyo aliyepima chakula jana kwa macho badala ya mizani ndiye aliyewarudisha watu nyumbani. Baada ya hapo daktari anamkagua, kisha anafungiwa kwenye banda la uwanja hadi zamu yake. Wewe mwenyewe huruhusiwi tena kumwendea ovyo. Kabla ya mbio au baada yake anaweza kuchukuliwa sampuli ya mkojo, na hutaambiwa mapema ni yupi.

Sampuli hiyo ndiyo iliyowatia wengi matatani bila nia mbaya. Maabara za siku hizi hunasa kiasi kidogo mno, na greihaundi ni mlambaji: atakulamba kiganja, atakulamba shingo. Nimewahi kukaa na mhudumu mmoja akilia kwa sababu alijipaka dawa ya maumivu ya mgongo asubuhi, akavaa fulana, akawakumbatia mbwa wake kama kawaida. Dawa ya mgongo wake ikaonekana kwenye mkojo wa mbwa. Kanuni ikamshika mkufunzi, kwa sababu mkufunzi ndiye mbebaji wa lawama hata kama hakujua lolote. Kahawa ina kafeini, chokoleti ina dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, vyote ni marufuku mwilini mwa mbwa siku ya mbio. Na kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, niseme na haya: miraa, mirungi, iite upendavyo, ni haramu kisheria Uingereza tangu Juni 2014, na aliyeitafuna kisha akamlisha mbwa kwa vidole vile vile ameharibu leseni mbili, yake na ya bosi wake. Zile chupa za mitishamba zinazotoka nyumbani ndani ya mabegi nazo ziache mbali na banda, kwani hata anayeziuza hawezi kukuorodheshea kilichomo. Ukianza dawa yoyote, hata ya kupaka, mwambie mkufunzi siku hiyo hiyo. Vaa glavu. Nawa.

Kuhusu mbwa wa kulinda shamba: umenifurahisha, lakini sahau nusu ya uliyojifunza kwao. Mbwa wa shamba alilelewa kumshuku mgeni, na sauti kali ilimfaa. Greihaundi hana kazi na binadamu ila kumwegemea. Ukimfokea hukimbilia kona, na ukimfokea kila siku anaacha kula. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini karibu hana, kwa hiyo baridi ya Januari inamuuma kuliko inavyokuuma wewe mtoto wa Tanga, na mkwaruzo ambao mbwa wa kwenu angeulamba na kuusahau, kwake ni jeraha la kushonwa. Paka wa jirani akikatiza, hata hivyo, utajua huyu ni mbwa wa namna gani. Mshipi usizungushie kidole.

Sehemu ya kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni vidole vya mhudumu. Greihaundi anapokimbia kasi, miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili katika kila hatua, na viwanja hivi huzungukwa kwa kupinda kushoto tu. Kwenye kona, mguu wa nyuma wa kulia ndio unaobaki nje ya mzunguko ukibeba msukumo, mbio baada ya mbio. Ndiyo maana tunaona mifupa midogo ya kifundo cha mguu huo, na hasa ule wa katikati, ikivunjika zaidi ya ya upande wa pili. Mvunjiko mwingi hauji ghafla. Mfupa hujibu mzigo kwa kujiimarisha, na usipopewa muda, nyufa ndogo ndogo hutangulia. Kabla sijamwona mbwa huyo mimi kwenye picha ya eksirei, kuna mtu aliyekuwa akimkanda kila asubuhi ambaye alihisi joto pale, au aliona anarudisha mguu anapobonyezwa. Akisema, mbwa anapumzishwa wiki kadhaa. Akinyamaza kwa sababu bosi ana haraka, tunakutana uwanjani nyuma ya pazia la kumficha mbwa aliyevunjika. Kwa takwimu za GBGB yenyewe, mbwa wakitoka vizimbani mara 100, takriban mara 1 mmoja hurudi na jeraha, na mwaka 2024 zaidi ya mbwa 100 walikufa au kuuawa kwa sindano viwanjani. Ukiingia kazi hii, siku moja utamshika kichwa mbwa uliyemlisha kwa mkono wako huku mimi nikitafuta mshipa. Jirani yako hakukwambia hilo, pengine kwa kuwa wale wake wawili walitoka salama.

Maisha ya kila siku hayana picha za kupendeza. Unaanza alfajiri: kuwatoa, kuondoa karatasi zilizokatwakatwa wanazolalia, kupiga deki, kupima chakula, kutembeza, kukanda, kukata kucha, kuandika. Wengi hulala wawili wawili, dume na jike, na lazima ujue jike yupi anakaribia kushika joto kwa sababu akishika haruhusiwi kukimbia kwa majuma kadhaa. Siku za mbio unaweza kurudi nyumbani usiku wa manane. Malipo mengi yako karibu na kima cha chini cha kisheria, ambacho tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyefikisha miaka 21, nacho hupandishwa kila Aprili. Zihesabu saa zako zote, pamoja na za njiani ukiwa na mbwa. Mkufunzi akikwambia safari za jioni ni za kujitolea "kwa mapenzi ya mbwa", mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Kwa hesabu ya pesa tupu, ghala huenda likakushinda hoja.

Faini yako ya bodaboda haininyimi usingizi. Wanaotoa leseni wanataka kujua kama wewe ni mtu wa kuaminika, na yanayowatisha ni ukatili kwa wanyama, wizi, ulaghai wa kamari, dawa za kulevya. Lisome swali la fomu kama lilivyoandikwa, na kama linagusa kesi za nje ya Uingereza, iandike faini hiyo kwa mistari miwili, mwaka na sababu. Mtu hukataliwa upesi zaidi kwa kuficha kitu kidogo kuliko kwa kukiri. Ila kuna jambo hukuniuliza, nami naliogopa zaidi: mlipoomba viza, uliitaja faini hiyo pale ilipotakiwa? Majibu yako ya fomu hizi mbili yasipishane. Kama huna hakika, usibahatishe. Mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, uende na nakala ya maombi yenu mkononi.

Mdogo wako, kwa njia hii, hawezi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 viza mpya ya kazi ya ujuzi inadai kazi ya kiwango cha shahada, na kima cha jumla cha mshahara kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Kazi ya banda haifikii ngazi hiyo. Kwa hiyo wakala yeyote wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anayeuza "nafasi za mbwa Uingereza" kwa malipo ya awali, anauza hewa. Mpigie simu mdogo wako leo, kwa sababu ukishaanza kazi hii na picha zikafika nyumbani, mawakala hao watamtafuta yeye kwa kutumia jina lako.

Je, mchezo unakufa? Nitakupa ninavyoona mimi, na wenzangu wengine hawatakubali. Februari 2025 serikali ya Wales ilitangaza kuwa itapiga marufuku mbio hizi. New Zealand ilitangaza hivyo hivyo Desemba 2024. Florida, iliyokuwa kitovu cha mbio hizi Marekani, wapiga kura waliamua 2018 na mwisho wa 2020 milango ikafungwa. Hapa Uingereza, mashirika makubwa ya wanyama, RSPCA, Dogs Trust na Blue Cross, tangu 2022 yanataka mbio zimalizwe kabisa. Serikali ya London imesema haina mpango wa kupiga marufuku upande wa England. Na kwako wewe, jiografia imekukalia vizuri: uwanja wa Crayford ulifungwa Januari 2025, na Perry Barr wa Birmingham ukafungwa mwaka huo huo, lakini nafasi ya Perry Barr ilichukuliwa na uwanja mpya wa Dunstall Park, ulioko mji wako huo huo ambao tayari una Monmore Green. Viwanja viwili mji mmoja. Kazi ya miaka michache ijayo ipo. Kazi ya kukufikisha uzeeni, nisingeiwekea dhamana.

Kwa hiyo usiache ghala. Omba kwanza siku mbili au tatu kwa wiki bandani, ukague mwili wako na nafsi yako kwa kipindi kimoja cha baridi. Ukiipenda kazi, ujuzi wake unahamishika: kliniki za mifugo, mabanda ya kulaza mbwa wa watu waliosafiri, vituo vya kuwatafutia mbwa wastaafu makazi. Hivyo vya mwisho vinahitaji watu, maana tangu Septemba 2020 kila mbwa wa GBGB husajiliwa pamoja na dhamana ya kustaafu, iliyoanza kwa pauni 400, nusu ya mmiliki na nusu ya GBGB, na pesa hiyo hufuata mbwa hadi kwenye kituo kinachompokea. Leseni ya ukufunzi usiiwaze sasa. Hiyo inataka uwe na mabanda yaliyokaguliwa, wadhamini, mtaji, na barua za halmashauri kuhusu kelele na majengo.

Mama yako umesema nikuachie, nami nakuachia, isipokuwa la usafi. Ovaroli na viatu vya banda vibaki bandani au kwenye mfuko uliofungwa, viatu hivyo visivuke kizingiti cha nyumba, na uoge kabla ya kukaa na familia. Daktari wa binadamu angekwambia hivyo kwa ajili ya minyoo na fangasi wa ngozi, na shehe wako atakuwa na yake ya kuongeza juu ya mate ya mbwa na juu ya mshahara unaotokana na kamari. Muulize kabla hujasaini. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda ukaonwe, kwa sababu kidonda cha meno hufunga usaha ndani na chanjo yako ya pepopunda huenda imepita muda. Kichaa cha mbwa, kinachotuua kwetu, hakipo kwa mbwa wa Uingereza. Lakini ukienda Tanga likizo na mbwa akakuparura huko, usirudi na mazoea ya huku: hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua yako ya kwanza iwe hii. Mwombe jirani akuunganishe na mkufunzi, kisha uulize kama unaweza kupita asubuhi moja kutazama, mikono mfukoni. Hakikisha kwenye orodha ya GBGB kwamba leseni ya mkufunzi huyo ni hai. Ukifika, usitazame vikombe vilivyopangwa kwenye rafu. Tazama kama kila mbwa ana kitu kikavu cha kulalia na maji safi. Nusa: mkojo wa asubuhi ni wa kawaida, mkojo wa juzi si wa kawaida. Uliza aliko mbwa aliyeumia mara ya mwisho, na usikilize kama jibu linakuja na jina la daktari na la mbwa. Uliza waliostaafu mwaka jana wako wapi. Halafu simama kimya mkufunzi anapopita kwenye korido. Mbwa wanaotunzwa vizuri huja mbele, wanagonga mikia kwenye mbao mpaka huwezi kusikia unaloambiwa. Wakirudi nyuma kona, mshukuru kwa chai, uage, urudi zako ghalani.